Ngeu, Zingefuri na Manjano: Istilahi za Upakaji wa Vinyago kwa Rangi za Asili

Swali lililotufikia kutoka Ziba, wilayani Igunga katika Mkoa wa Tabora, lilikuwa fupi. Mwalimu mmoja wa sanaa huko huwafundisha vijana kupaka vinyago kwa kufuata jadi ya mafundi wa vijijini nchini India, na badala ya kununua rangi za kopo hutaka wanafunzi wake watumie udongo, majani, mbegu na masizi. Maelekezo aliyoyapata yalitaja rangi kwa majina ya huko huko India. Alipoyaweka katika Kiswahili, hingula aliipa jina la zingefuri, na haritala akaiita manjano. Akauliza kama tafsiri hiyo ni sanifu.

Kwa mintarafu ya historia ya maneno, tafsiri hiyo ina msingi. Kwa mintarafu ya vitu vyenyewe, ni tafsiri ya hatari, kwa kuwa hingula na haritala ni mawe yenye sumu, ilhali zingefuri na manjano kama tuvijuavyo sisi ni vitu viwezavyo kuingia jikoni. Mtu akiagiza kimoja akaletewa kingine, ama atapoteza fedha zake, ama atavuta sumu. Ndiyo sababu tumeona jambo hili lisijibiwe kwa barua tu, bali lielezwe kwa kirefu, maana linagusa namna tunavyounda istilahi za sanaa kwa jumla.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya kitu kinachopakwa. Neno kinyago lina shina moja na neno unyago, na hapo zamani lilitaja sanamu au umbo lililoonyeshwa katika mafunzo ya jando na unyago, aghalabu kwa kuwatisha wari. Methali isemayo kwamba kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi imehifadhi maana hiyo ya kutisha. Siku hizi, kutokana na biashara ya uchongaji wa Wamakonde, kinyago kimekuwa jina la mchongo wowote wa mti, hata wa twiga au wa mzee aliyeketi akivuta kiko. Kwa upande mwingine tunalo neno barakoa, lenye asili ya Kiarabu, ambalo pwani lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake. Tangu mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, barakoa imeenea nchi nzima kwa maana ya kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Kumwambia kijana wa leo kwamba atajifunza kupaka barakoa ni kumpeleka hospitali. Kwa hiyo tunapendekeza kinyago cha uso kwa kile kinachovaliwa, na kinyago peke yake kibaki na upana wake. Wamakonde wanalo neno lao, lipiko, wingi mapiko, ambalo ni la ngoma yao na lisifanywe jina la vinyago vya uso vya dunia nzima.

Mafundi anaowafuata mwalimu wetu si wa aina moja. Katika kijiji cha Charida, wilaya ya Purulia katika jimbo la West Bengal, hutengenezwa vinyago vya ngoma ya Chhau, ngoma iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2010. Fundi hubandika tabaka za karatasi juu ya umbo la udongo, akaongeza udongo laini na kitambaa, akasugua mpaka uso ukawa laini, ndipo akapaka rangi. Na rangi zenyewe siku hizi mara nyingi ni za dukani. Katika jimbo la Odisha, kijiji cha Raghurajpur karibu na mji wa Puri kinasifika kwa picha zipakwazo juu ya nguo, na mafundi wake hutengeneza pia vinyago. Huko ndiko elimu ya rangi za asili imeshikiliwa kwa nguvu zaidi: nyeupe hutokana na kombe za baharini zilizosagwa, nyeusi na masizi ya taa, nyekundu na hingula, ya manjano na haritala.

Hapa ndipo mfasiri anapokwama mara ya kwanza, si kwa kukosa maneno bali kwa kuwa na neno moja linalobeba mizigo minne. Kiswahili husema rangi kwa sifa ya kitu inayoonekana kwa jicho. Husema rangi kwa unga mkavu unaotoa sifa hiyo. Husema rangi kwa uji uliokwisha kuchanganywa tayari kwa brashi. Na husema rangi kwa maji ya kuchovya nguo au ukindu. Neno lenyewe limetoka katika Kiajemi na latumika India vilevile, hivyo mwalimu na mafundi wake wanalo kwa pamoja. Lakini jaribu kumweleza mwanafunzi kwamba achukue rangi, aikoroge iwe rangi, mpaka rangi yake ifanane na rangi ya damu. Atacheka, na atakuwa na haki.

Katika jambo hili hatuoni haja ya kubuni maneno mapya. Fundi wa Tabora anayepaka nyumba na mama wa Unguja anayetia ukindu rangi kabla ya kusuka mkeka tayari wanatofautisha mambo haya kwa vitenzi. Yule hupaka, huyu huchovya. Basi yatosha kusema unga wa rangi kwa kile kikavu, rangi ya kupaka kwa kilichochanganywa, na rangi ya kuchovya kwa maji yanayopenya katika nyuzi. Rangi pekee ibaki kwa sifa. Tofauti hizi si za kupendezesha kamusi. Unga wa rangi hauyeyuki katika maji; hubaki chembe zinazoelea, na ndiyo maana huhitaji kitu cha kuushikisha juu ya kinyago. Rangi ya kuchovya huyeyuka na kuzama. Mwanafunzi asiyejua amepewa ipi atashangaa kwa nini kazi yake inapukutika kama vumbi au, kinyume chake, inaenea ovyo kwenye karatasi.

Tukitazama majina ya rangi moja moja, sarufi yenyewe inatuonyesha jambo ambalo walimu wengi wa lugha hulipita haraka. Rangi tatu tu ndizo zenye vivumishi vinavyopokea upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitambaa cheupe, kuta nyeusi, udongo mwekundu. Nyingine zote huunganishwa kwa kihusishi: kitambaa cha kijani, kuta za manjano, udongo wa kahawia. Tena hizi nyingine, ukizichunguza, karibu zote ni majina ya vitu. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, chungwa ni chungwa. Wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walidai mwaka 1969 baada ya kulinganisha lugha nyingi kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na yale ya weupe, weusi na wekundu. Nadharia yao imebishaniwa tangu hapo, lakini kwa vivumishi vya Kiswahili mpangilio wao wakaa sawasawa.

Jambo linalomhusu mpakaji ni kwamba rangi hizo tatu ndizo ambazo ardhi na meko humpa mtu bila safari ndefu: udongo mwekundu, chokaa au udongo mweupe, na mkaa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, kwa sehemu kubwa ni myekundu, na ile inayohesabiwa kuwa ya baadaye aghalabu ni myeupe. Karibu zaidi na Ziba, Hans Cory alikusanya michoro ya kutani ya chama cha wacheza nyoka wa Usukuma na sehemu za jirani na kuichapisha London mwaka 1953. Kwa hiyo kijana wa Ziba anayejifunza jadi ya India haanzi na mikono mitupu. Nchi yake ilikwisha kuwa na watu waliopaka kwa kile kilichokuwa chini ya miguu yao.

Na kilichopo chini ya miguu huko kina majina. Wakulima wa Usukuma na Unyamwezi wamegawanya udongo wao kwa ustadi uliowastaajabisha wataalamu wa kilimo tangu enzi za ukoloni. Udongo mwekundu huitwa kikungu au ikurusi kutegemea mahali. Ule wenye chokaa huitwa ibushi. Na ule mweusi wa mabondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi, ndio mbuga, neno ambalo Kiswahili sanifu kimelichukua na kulipa maana ya uwanda wa nyasi na wanyama. Mwalimu wa sanaa ayatumie maneno haya bila haya darasani. Mwanafunzi akiambiwa alete kikungu, atajua aende wapi na jembe. Akiambiwa alete udongo mwekundu, huenda akaleta tope la njiani.

Mbuga, licha ya weusi wake, haifai kupakwa. Ikikauka hugeuka kijivu, na kwa kuwa hunywea sana hupasuka na kubanduka. Weusi wa kinyago utafutwe katika masizi ya chungu au mkaa uliosagwa, na si kwingineko.

Kwa wekundu wa udongo Kiswahili kinalo neno zuri ambalo karibu limesahauliwa: ngeu. Seremala wa zamani alichovya uzi katika ngeu, akauvuta juu ya ubao na kuuachia, ukaacha mstari mwekundu wa kufuatia msumeno. Neno hilohilo hutaja pia jeraha la kichwani litokalo damu, na pengine ndiyo sababu vijana hulijua zaidi katika habari za ugomvi kuliko za useremala. Tunapendekeza lirudishwe kazini: ngeu iwe unga mwekundu wa udongo wenye kutu ya chuma, uliokwisha kusafishwa tayari kwa kupaka. Kikungu ni udongo shambani. Ngeu ni kile anachobaki nacho fundi baada ya kukoroga udongo huo katika maji mengi, kuuacha mchanga utuame, kumimina maji yenye wekundu katika chombo kingine, na kuyaacha yatuame tena mpaka masimbi yake laini yakauke. Kazi hiyo ya pili iitwe kutuamisha. Na udongo wa rangi ya manjano, ukipatikana, hutuamishwa vivyo hivyo. Ukiokwa motoni hugeuka mwekundu, nao huwa ngeu.

Sasa tufike kwenye hingula. Jina hili hutaja jiwe jekundu ambalo ni muungano wa zebaki na kiberiti cha madini, yaani salfa. Waajemi waliliita shangarf, Waarabu wakasema zunjufr, na kwa njia hiyo Kiswahili kikapata zingefuri. Hata hivyo mtu wa pwani leo akisikia zingefuri hafikirii jiwe. Hufikiria mbegu za mzingefuri, mti mdogo wenye maganda ya miiba laini, ambazo zikifikichwa kwa maji au mafuta hutoa wekundu wa kutilia chakula. Mti huo asili yake ni Amerika, na usingeweza kufika huku kabla ya safari za Wareno. Maana yake ni kwamba jina lilitangulia na mti ukafuata: watu waliona wekundu mpya unaofanana na wa jiwe walilolijua kwa jina, wakaupa mti jina la jiwe. Jiwe likatoweka sokoni, jina likabaki na mti.

Kwa sababu hiyo kamusi inayoonyesha maana zote mbili haikosei, lakini haimwokoi mwalimu. Wananchi wa Nzega na Geita wanaijua zebaki kutokana na kazi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na hawahitaji kuelezwa kwamba mvuke wake hudhuru ubongo na figo. Hingula ikisagwa hutoa vumbi. Ikipata moto hutoa mvuke wa zebaki. Kinyago cha uso nacho si picha ya kutundikwa. Huvaliwa, huingiwa na jasho, na mchezaji hupumua ndani yake usiku kucha. Mafundi wa Odisha wameirithi hingula pamoja na desturi za kuishughulikia. Mwanafunzi anayeisoma katika karatasi hana desturi hizo.

Pendekezo letu ni kwamba zingefuri libaki kwa mmea na mbegu zake tu, na hingula itafsiriwe nyekundu ya zebaki. Ni jina refu, na wapo watakaosema halina uzuri. Tunakubali. Lakini istilahi inayomwonya mtumiaji kila anapoitamka ina faida kuliko istilahi fupi inayonyamaza. Tena darasa la Ziba halihitaji kitu hicho kabisa: ngeu yatosha kwa wekundu wa kudumu, nayo haipauki juani kama ipaukavyo zingefuri ya mbegu.

Haritala ni mfano wa pili wa jambo hilohilo, ila hapa kosa limeanzia kwenye jicho. Ni jiwe la manjano linalong'aa, muungano wa aseniki na salfa. Kwa vile Kiswahili huita rangi hiyo kwa jina la mzizi wa manjano, ule unaotiwa katika mchuzi na pilau, mfasiri huona kwamba jina la rangi limekwisha kutaja kitu chenyewe. Yaani rangi ya manjano imeonekana kuwa rangi itokanayo na manjano. Mtego huu wapatikana katika majina yote ya rangi yaliyotokana na vitu: si kila cha kahawia kina kahawa. Haritala iitwe manjano ya aseniki, na mzizi wa jikoni utajwe kwa ukamilifu, unga wa mzizi wa manjano. Mwalimu ajue pia kwamba rangi ya mzizi huu hupauka upesi ikipigwa na jua, hivyo kinyago cha ngoma ya mchana kitapoteza umanjano wake. Hapo tena udongo ndio wa kutegemewa.

Buluu haina matatizo makubwa. Tunalo neno nili kwa rangi ya mnili, na njia ya misafara ya Tabora iliijua nili vizuri kabla ya reli kufika mjini hapo mwaka 1912, kwani kaniki, nguo ya buluu iliyokolea mpaka karibu na weusi, ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobebwa kutoka Bagamoyo pamoja na merikani na shanga. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walikuwapo Kaze, ndiyo Tabora ya baadaye, katika miaka ya 1850. Maarufu wao ni yule aliyeitwa Musa Mzuri. Vitu vya India na maneno ya India havikuingia Unyamwezi jana.

Mpaka hapa msomaji ameona kwamba kiini cha hatari ni ule msemo rangi za asili. Katika matangazo ya biashara neno asili limepata maana ya usalama, kana kwamba kila kitokacho ardhini au mtini ni rafiki wa mwili. Zebaki ni ya asili. Aseniki ni ya asili. Tunashauri msemo huu utumike kama kichwa cha habari tu, na ndani ya maelekezo uvunjwe katika sehemu tatu: rangi za mimea, rangi za udongo, na rangi za madini. Mwanafunzi ajue kila chupa iko katika kundi lipi kabla ya kuifungua. Kundi la tatu lisiingie darasani bila mtu aliyesomea kemia.

Chokaa nayo inataka uangalifu, kwa kuwa jina hilo moja hutumika kwa jiwe lililochomwa ambalo bado halijazimwa kwa maji, kwa lile lililokwisha kuzimwa, na hata kwa udongo wenye chokaa kama ibushi. La kwanza huunguza ngozi na macho. Katika maelekezo iandikwe chokaa iliyozimwa, au bora zaidi itumike chaki, ambayo haina ukali huo. Vivyo hivyo wanja: wapo wauzao kwa jina hilo masizi yaliyochanganywa na mafuta, na wapo wauzao jiwe jeusi lenye risasi. Usipakwe kinyagoni kwa jina tu.

Limesalia la kushikisha unga wa rangi juu ya kinyago. Baadhi ya wenzetu wamependekeza neno jipya lililoundwa kutokana na kitenzi nata, kwa hoja kwamba gundi ni utomvu wa mti na haiwezi kutaja uji wa mbegu au ute wa yai. Hoja hiyo haitushawishi. Watoto wa shule wanaobandika karatasi kwa uji wa sembe husema gundi ya unga, na hakuna aliyewahi kupotezwa na msemo huo. Gundi lenyewe ni neno lililotoka India, kama rangi, na limekwisha kupanua maana yake bila msaada wa kamati yoyote. Liachwe lifanye kazi: gundi ya mgunga kwa utomvu ambao hukusanywa katika nyika za Tabora, Singida na Shinyanga, gundi ya yai, gundi ya kokwa za ukwaju.

Hii ya mwisho ndiyo mafundi wa Odisha huitumia kwa mpako wa chini, yaani ule unaotangulia rangi zote na kuziba vinyweleo vya nguo au karatasi. Mwalimu wetu aliuliza kama mti wake unapatikana nchini. Waarabu waliuita ukwaju tende ya India, nasi twauona mkwaju umesimama katika vijiji vingi vya nyanda kavu za Tanzania. Kokwa hulowekwa siku kadhaa mpaka ganda lilegee, husagwa, hupikwa kwa maji kwa moto mdogo huku zikikorogwa mpaka ziwe uji wa kuvutika, kisha huchanganywa na chaki iliyosagwa. Uji huo huchacha haraka, kwa hiyo upikwe wa kutosha kazi ya siku moja au mbili, na mpako wa kwanza uachwe ukauke kabisa kabla ya wa pili.